Betri mbili na kopo la mafuta: nilivyojijengea vipimo vya redio Mbeya

Ukiwa katikati ya jiji la Mbeya ukainua macho upande wa kaskazini, utaiona minara juu ya kilele cha Loleza. Mafundi wa mitambo mikubwa kama ile hufanya kazi na vyombo vya kiwandani vyenye vyeti vya ukaguzi. Sisi wa redio ya ridhaa, tunaorusha kwa mapenzi na si kwa biashara, kwa leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na alama za mwito zinazoanza na 5H, tunakaa chini ya mlima huohuo tukiwa na maltimita ya kawaida, chuma cha kulehemia na boksi la vifaa vilivyong'olewa kwenye redio mbovu. Vipimo tunajijengea wenyewe. Michoro ipo tele, na mwenye mkono mzuri anamaliza saketi moja jioni moja.

Ugumu unakuja baadaye. Kipimo ulichokilehemu mwenyewe kikisema mtambo wako unatoa wati 10, nani kakuhakikishia kwamba ni wati 10? Huku Uyole hakuna wa kumpelekea akikague. Kwa miaka yote niliyofundisha fizikia na kushughulika na redio, swali hili limenisumbua kuliko swali lolote la saketi: kipimo changu nitakisimamisha juu ya nini? Naandika nilichokipata kwa sababu nakutana na vijana wanaojenga vizuri sana, kuliko nilivyojenga mimi nikiwa na umri wao, halafu wanaziamini namba kwa kuwa tu zimetokea kwenye kioo.

Jibu langu ni betri. Umeme wa betri umetulia, na maltimita hata ya bei ndogo huusoma vizuri. Ukiazima maltimita mbili tatu za watu tofauti ukazilinganisha kwenye betri moja, utajua haraka ipi inafaa kuaminiwa. Umeme wa redio ndio msumbufu. Unageuza mwelekeo mara milioni kadhaa kwa sekunde, na maltimita haiuoni kabisa. Kwa hiyo nilihitaji mahali ambapo umeme wa redio na umeme wa betri hufanya jambo lilelile kwa kiasi kilekile. Mahali hapo ni kwenye joto. Rezista ya omu 50 ikipewa wati 10 itatoa joto la wati 10, uwe umetoka kwenye betri au kwenye mtambo wa megahezi 7.

Kwanza, basi, antena bandia. Huu ni mzigo wa omu 50 unaoufunga kwenye mtambo mahali pa antena. Nguvu inaishia humo kama joto badala ya kwenda hewani, hivyo unaweza kupima usiku kucha bila kumwingilia mtu kwenye masafa. Yangu ni rezista 20 za omu 1,000, kila moja ya wati 2, zimefungwa sambamba kati ya vipande viwili vya bati la shaba. 1,000 ukigawanya kwa 20 unapata 50, na kwa pamoja zinabeba wati 40. Ziwe za kaboni au za utando wa oksidi. Zile nyeupe za saruji ziache dukani: ndani yake ni waya uliosokotwa, yaani ni koili, na kwenye megahezi 14 koili itakupa upinzani mwingine kabisa hata kama maltimita imekuambia omu 50. Kwa sababu hiyohiyo miguu ya rezista niliikata ikabaki milimita chache tu.

Mzigo wote unakaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, soketi ikiwa imefungwa kwenye mfuniko, na kopo limejazwa mafuta ili joto lisambae. Hapa kwenye mafuta niseme wazi. Mafuta yaliyotoka kwenye transfoma za zamani usiyaguse, hata ukipewa bure. Baadhi yake yana PCB, sumu inayokaa mwilini kwa miaka, na kwa macho huwezi kuyatofautisha na mafuta salama. Mimi natumia mafuta ya watoto ya duka la dawa, ambayo ni mafuta ya madini yaliyosafishwa, nusu lita inatosha. Heathkit wa Marekani waliuza antena bandia ya namna hii kwa miaka mingi, kopo la rangi la galoni moja lililojazwa mafuta. Mimi nimelipunguza tu.

Jaribio lenyewe nalifanya asubuhi, kabla jua halijaingia dirishani. Julai ya huku inafaa sana, maana chumba kinakaa na ubaridi wake kwa saa nyingi bila kubadilika. Kipimajoto cha maabara, kile cha kioo, kinapita kwenye tundu la mfuniko hadi katikati ya mafuta. Betri mbili za pikipiki za volti 12 nazifunga mfululizo, na maltimita naiweka palepale kwenye soketi ya kopo, si kwenye betri, kwa sababu waya nao hula volti njiani. Betri zikiwa zimejaa napata karibu 25. 25 mara 25 ni 625, gawanya kwa 50, wati 12.5. Naandika joto la kuanzia, naunganisha, kisha nakoroga taratibu kwa kijiti cha mwanzi kilichopita kwenye tundu la pili. Kila dakika nasoma volti na joto. Volti zinashuka kidogokidogo, kwa hiyo mwishoni natumia wastani. Dakika kumi zikitimia, mafuta yamepanda nyuzi 8 au 9.

Hapo nazima na kuacha kopo lirudi kwenye joto la kuanzia. Kusubiri huku kunachukua sehemu kubwa ya asubuhi, na hakuna njia ya mkato. Ukianza mzunguko wa pili kopo likiwa na joto tofauti, litapoteza joto kwa kasi tofauti na hesabu yote itavurugika.

Zamu ya pili ni ya mtambo. Nauunganisha kwa kebo fupi, naweka megahezi 7, kisha nakandamiza ufunguo wa Morse bila kuuachia, ili litoke wimbi tupu lisilopanda wala kushuka. Sauti haifai hapa, kwa sababu nguvu yake inaruka na kuanguka kila neno. Mtambo uwe unaoweza kuvumilia dakika kumi za namna hiyo. Wangu ni wa wati 100 ulioshushwa sana, na nyuma yake nimeweka feni ya kompyuta. Natafuta mkao wa nguvu utakaopandisha mafuta nyuzi zilezile kwa dakika zilezile. Haupatikani mara ya kwanza, na kila jaribio linadai kopo lipoe tena. Ukishaupata, unajua jambo moja kwa hakika: mtambo huu, katika mkao huu, unatoa wati 12.5. Hakuna mchoro wala muuzaji aliyekuambia. Umeliona kwenye kipimajoto, na nyuma ya kipimajoto kuna betri mbili.

Nakiri kwamba napenda jaribio hili kuliko kifaa chochote nilichowahi kujenga. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne walilielewa haraka kuliko walivyoelewa ukurasa wowote wa kitabu kuhusu nguvu ya umeme.

Kupasha mafuta kila unapotaka kujua nguvu ya mtambo ni kujitesa, ndiyo maana kinafuata kipimo cha daiodi. Daiodi moja, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inachukua umeme kwenye mzigo wa omu 50 na kujaza kapasita ndogo, yaani kihifadhi cha umeme, hadi kilele cha wimbi, na maltimita inasoma volti zilizokaa kwenye kapasita. Hesabu yake ni nyepesi kiasi cha kufanyia kichwani: volti za kilele mara zenyewe, gawanya kwa 100. Kilele cha volti 10 ni wati 1. Kilele cha volti 31.6 ni wati 10. Wati zangu 12.5 zinadai kilele cha volti 35.4, na kwa kuwa daiodi ya silikoni hujibakizia karibu volti 0.6, maltimita inapaswa kusoma 34.8 hivi. Yangu ilisoma kati ya 34 na 35. Njia mbili zisizojuana, moja ya joto na nyingine ya volti, zikakutana. Siku ile nililala vizuri.

Kuhusu kuchagua daiodi, usiende kwa mazoea. Wengi wamesikia kwamba ya jerimani (germanium) ndiyo bora, na kwa nguvu ndogo ni kweli, kwa sababu inajibakizia volti kidogo zaidi. Redio za zamani za transista ni mgodi wa daiodi hizo, nami nimezitoa kwenye redio za National nyingi sana. Lakini kumbuka kwamba kapasita ikishajaa volti 35, na wimbi likageuka upande wa pili hadi volti 35 nyingine, daiodi inabeba 70 kinyumenyume. 1N34A ya jerimani imeandikiwa 60. 1N4148 ya silikoni, inayouzwa kwa bei ya pipi, inavumilia hadi 100. Kwa wati 12 naweka ya silikoni na kutoa ile 0.6 kwenye hesabu. Kwa wati moja au mbili naweka ya jerimani. Chini ya hapo daiodi zote zinaanza kudanganya, kwa sababu volti zenyewe zinakaribia kile zinachojibakizia.

Vifaa hivi viwili, kopo na daiodi, viliwahi kufanya kazi ambayo bado naikumbuka kila ninaposikia mtu akisema kipimo cha mawimbi yanayorudi kinatosha.

Ilikuwa enzi simu za mkononi hazijasambaa milimani. Zahanati moja ya misheni upande wa Rungwe ilikuwa na simu ya upepo, na ndiyo iliyokuwa njia yao ya kuita gari kukiwa na mama aliyezidiwa. Sauti yao ilikuwa imefifia mwaka mzima. Walikuwa wameshabadilisha mtambo mara moja na wanajiandaa kuubadilisha tena. Sista aliyesimamia zahanati alinipokea, akanionyesha mita ndogo iliyokuwa juu ya meza.

"Mwalimu, antena haina shida," akasema. "Fundi alipima, mawimbi hayarudi. Redio ndiyo mbovu."

Mita ilikuwa inasoma SWR, yaani kipimo cha mawimbi yanayorudi ambacho 1 maana yake hakuna kinachorudi, ya 1.6 hivi, namba ambayo mwenye redio yeyote angeifurahia. Nikamwomba ruhusa nipande kwenye nguzo nikaichomoe antena kabisa.

"Ukiichomoa si itaungua, Mwalimu?"

"Tutatumia nguvu kidogo sana, Sista, na kwa sekunde chache."

Nilipoichomoa, kebo ikabaki inaning'inia bila kitu mwishoni. Mita ilipaswa kupiga hadi mwisho, kwa kuwa nguvu yote ingefika juu, ikose pa kwenda na kurudi yote. Ikasoma 1.7. Sista akaiangalia, akaniangalia. Nikafunga kopo langu chini, karibu na mtambo, tukapata kilele cha volti 31 na kitu, wati 10. Nikalibeba kopo hadi kwenye nguzo, nikalifunga mwisho wa kebo, akabonyeza mwenyewe kitufe: volti 16. Volti zimebaki nusu, kwa hiyo nguvu imebaki robo. Katika kila wati 10 zilizoingia kwenye kebo, wati saba na nusu zilikuwa zinapotelea ndani yake.

Hapo ndipo ile namba nzuri ilipoeleweka. Kebo inayokula robo tatu ya nguvu wakati wa kwenda inakula robo tatu ya kilichobaki wakati wa kurudi, kwa hiyo hata antena isipokuwepo, kinachofika kwenye mita ni sehemu ndogo mno, nayo mita inaripoti kwamba mambo ni shwari. Kebo mbovu inaficha ubovu wa kila kitu kilicho mbele yake. Mvua za Rungwe zilikuwa zimeingia kwenye kiungo cha juu ambacho hakikuzibwa. Tulipoipasua, wavu wa shaba uliopaswa kung'aa ulikuwa mweusi kwa mita kadhaa. Kebo mpya, kiungo kikazungushiwa mpira na kupakwa lami, na mtambo uleule uliokuwa unangoja kutupwa ukasikika hadi Iringa. Tangu siku ile sijampimia mtu antena bila kupima nguvu ncha zote mbili za kebo.

Kilichofuata katika safari yangu kilikuwa kupima vitu vidogo. Daiodi haifai chini ya wati nusu hivi, lakini kwenye ujenzi wa redio ishara nyingi ni za milliwati na chini yake. Mwaka 2001, kwenye toleo la Juni la jarida la QST, Wes Hayward na Bob Larkin wa Marekani walieleza kipimo kilichojengwa kwa chipu moja, AD8307. Nakala yake ilinifikia baadaye, ikiwa imepigwa fotokopi mara nyingi hadi michoro imeanza kuvuja wino, lakini namba zilisomeka. Chipu ile haitoi volti kulingana na nguvu, bali kulingana na desibeli, ambazo kila 10 kati yake ni nguvu mara kumi: kila desibeli moja inaongeza milivolti 25, kuanzia karibu desibeli 84 chini ya milliwati moja. Kwa hiyo milliwati moja kamili inapaswa kutoa 84 mara 25, yaani volti 2.1. Inafanya hivyo hadi megahezi 500. Kwa mtu aliyezoea kubishana na daiodi, huu ni muujiza unaokaa kwenye ncha ya kidole.

Uzuri ni kwamba chipu hii inajikagua yenyewe nusu nzima ya njia. Huhitaji chanzo unachokijua nguvu. Unahitaji chanzo kisichoyumba na kipunguza nguvu cha desibeli 10. Kipunguza hicho ni rezista tatu: mbili za karibu omu 96 kwenda ardhini na moja ya 71 katikati yake. Dukani hazipo, lakini 68 na 3.3 zikifungwa mfululizo zinakupa 71.3, na 100 ikifungwa sambamba na 2,700 inakupa 96.4. Zipime zote kwa maltimita kabla ya kulehemu. Halafu chomeka kipunguza katikati ya chanzo na kipimo: volti lazima zishuke milivolti 250. Jenga cha pili, kichomeke pamoja na cha kwanza: 500. Ikishuka hivyo hatua kwa hatua, mteremko wa chipu yako unaujua, na umeujua kwa rezista ulizopima kwa umeme wa betri.

Inabaki kujua mteremko unaanzia wapi, na hapo ndipo kopo la mafuta linarudi kazini. Hayward na Larkin walitoa kichukuzi cha desibeli 40: rezista tatu za omu 820 mfululizo kutoka kwenye njia ya nguvu, kisha 51 kwenda ardhini, na hapo ndipo unapochomeka kipimo. Kinachota sehemu moja ya elfu kumi. Mtambo ukitoa wati 10 kwenda kwenye kopo, kichukuzi kinatoa milliwati moja kwenda kwenye chipu. Nikaweka mtambo kwenye mkao niliokwisha kuuthibitisha kwa daiodi na kwa joto, nikasoma AD8307. Volti 2.1, na tofauti ndogo ambayo niliiandika kwa kalamu kwenye kasha. Kutoka betri hadi joto, joto hadi wati, wati hadi milliwati: kila pingu ya mnyororo nimeishika kwa mkono wangu, na nikiulizwa na yeyote kuhusu namba yoyote ninayoitoa, naweza kumrudisha hatua kwa hatua hadi kwenye pikipiki ilikotoka betri.

Jambo moja kuhusu kasha. Chipu inayosikia hadi megahezi 500 inasikia pia vituo vyote vya FM vya mjini. Ikiwa wazi mezani, ukigusa mlango wake na waya wa urefu wa kiganja, volti zinapanda papo hapo bila chanzo chochote, na zinashuka ukiondoa. Ukikaa Mbeya mjini huwezi kuikwepa FM kwa kuzima redio yako. Inabidi kasha la chuma, mfuniko ulehemiwe pande zote si kufungwa kwa skrubu mbili, na waya wa betri uingie kupitia kapasita inayopenya ukuta wa kasha. Mimi nilitumia vipande vya bodi ya shaba, vikalehemiwa kama kiboksi. Baada ya kulehemu ukingo wa mwisho, namba ya chini kabisa ilishuka kiasi ambacho sikukitarajia.

Masafa ni habari nyepesi zaidi, na sababu ni kwamba kipimo bora cha masafa duniani kinapita juu ya paa lako bure. Kihesabu masafa kilichojengwa kwa chipu ya PIC16F628 kinategemea kristali yake ya ndani inayotoa mapigo ya saa, na kristali hubadilika na baridi. Huku kwetu asubuhi ya Julai na mchana wa Oktoba ni dunia mbili. Kosa la sehemu moja ya milioni kwenye megahezi 10 ni hezi 10 nzima. Lakini moduli ya GPS, hata NEO-6M, inatoa pigo moja kila sekunde linaloongozwa na saa za atomiki za satelaiti. NEO-7M unaweza kuipangia itoe masafa makubwa zaidi. Chagua megahezi 8, usichague 10: saa yake ya ndani ni megahezi 48, ambayo inagawanyika kwa 8 bila baki, wakati 10 inatoka ikiwa inatetemeka. Weka moduli dirishani ione anga, ingiza megahezi 8 kwenye kihesabu, zungusha kapasita ndogo ya kurekebisha hadi kioo kisome 8 kamili. Basi.

Sasa kuna NanoVNA, chombo kidogo cha mkononi kinachopima antena na kebo. Asili yake ni kazi ya mbunifu wa Japani anayejulikana kama edy555, na tangu 2019 nakala zake zinauzwa kila mahali kwa bei ambayo fundi anaweza kuidunduliza. Kijana mmoja anayesomea umeme hapa Mbeya alikuja nacho nyumbani, akanisalimia, akakaa, akakiweka mezani katikati ya makopo yangu.

"Shikamoo, mzee. Samahani, lakini hiki si kinafanya kazi ya vyote hivi?"

"Marahaba. Kinafanya, tena kwa haraka. Umekifanyia marekebisho ya mwanzo?"

"Ndiyo mzee. Wazi, mkato, na mzigo. Kama maelekezo yanavyosema."

"Huo mzigo una omu ngapi?"

"Hamsini."

"Umepima?"

Hakuwa amepima. Na hilo ndilo nililotaka tuzungumze, kwa sababu chombo kile, pamoja na uhodari wake, hakijui omu 50 ni nini mpaka umwonyeshe. Kipande kile kidogo cha shaba unachokizungushia wakati wa kurekebisha ndicho kinachokuwa ukweli wake. Ukimwonyesha omu 60 ukamwambia ni 50, atakuamini, na tangu hapo kila antena atakayoipima ataisoma kwa kosa hilo, tena kwa grafu nzuri ya rangi. Tukapima mzigo wake kwa maltimita, tukatoa upinzani wa nyaya za maltimita yenyewe, tukapata 50 na pointi chache. Mzuri.

Halafu tukakijaribu chombo kwa vitu tunavyovijua. Rezista mbili za 100 sambamba, 50: SWR 1. Rezista moja ya 100: lazima isome 2. Nne za 100 sambamba, yaani 25: lazima isome 2 vilevile, kwa sababu nusu na maradufu vinarudisha kiasi kimoja. 150 isome 3. Kwenye megahezi 7 vyote vilikaa mahali pake. Kwenye megahezi 400 vilianza kupotea, na kosa si la chombo. Ni miguu ya rezista. Mwisho nikatoa kebo ya RG-58 ya mita 7, ncha yake ya pili ikiwa wazi. Kwenye kebo hiyo wimbi linakwenda kwa asilimia 66 ya mwendo wa mwanga, kwa hiyo mita 7 ni robo ya wimbi kwenye megahezi 7.07, na robo ya wimbi iliyo wazi mwishoni huonekana mwanzoni kama mkato, yaani kana kwamba nyaya zimegusana. Kijana akasogeza kiashirio kwenye kioo hadi nukta ilipofika upande wa mkato, akasoma namba: 7.0 na kitu. Akachukua futi kamba akapima kebo yangu upya, pamoja na plagi.

Chombo ni kizuri na nimemwambia kijana hivyo. Mimi mwenyewe nimenunua kimoja na nakitumia kila wiki. Lakini hakipimi nguvu ya mtambo, na ukichomeka mtambo humo utakiua, kwa hiyo kopo langu halijastaafu. Yeye sasa anajijengea la kwake. Rezista za utando wa oksidi za wati 2 alizikosa Mwanjelwa, ameagiza Kariakoo zije na basi. Betri za pikipiki atazipata kwa kaka yake anayeendesha bodaboda, siku ya Jumapili pikipiki ikiwa haifanyi kazi, na kipimajoto cha kioo nitamwazima changu.